Italia kwa Basi la Kundi: Ratiba Aliiandika Nani?



Leo nina maneno na wale wanaojiandaa kwenda Italia. Sisemi na kijana anayekwenda kusoma, wala na mfanyabiashara anayefuata viatu vya ngozi. Nasema nawe mama uliyesikia tangazo mwisho wa misa, watu wakiwa tayari wameanza kukusanya watoto. Nasema nawe mzee ambaye mwanao alikufungulia simu akakuonyesha picha ya Kanisa la Mtakatifu Petro, na chini yake maandishi mekundu: Roma, Assisi, Padua, Venice, siku kumi, hoteli na chakula ndani, lipa kidogo kidogo.

Matangazo ya namna hiyo hapa Kampala si mageni. Mwaka wa Jubilei uliyaongeza, ule aliouzindua Papa Fransisko mkesha wa Krismasi 2024, akafariki ukiwa katikati, na Papa Leo wa Kumi na Nne akaja kuufunga tarehe 6 Januari 2026. Milango Mitakatifu imefungwa, lakini matangazo yamebaki. Mtu aliyezoea kuchanga kwenye chama cha akiba kwa ajili ya karo za wajukuu amegundua kuwa anaweza kuchanga pia kwa ajili ya macho yake mwenyewe. Mimi sioni ubaya wowote. Mtu aliyelima kahawa maisha yake yote, akasomesha watoto, akazika wazazi, ana haki ya kwenda kuona dunia kabla magoti hayajakataa.

Wapo wanaoidharau safari ya kundi. Nina rafiki msomi anayesema kwamba kutembezwa nchi za watu kwa basi, nyuma ya mwanamke aliyeinua mwavuli, ni sawa na kuku kusafiri kwenye tenga: atafika Kampala, lakini muulize ameona nini njiani. Yeye huenda peke yake, hukata tiketi za treni kwa simu, hula anapotaka. Anasema vizuri, ila anasahau kwamba amesoma Ulaya, anazo lugha tatu za huko, na viza yake ya kwanza aliipata akiwa na miaka ishirini na kitu kwa barua ya chuo kikuu. Mama wa Masaka hana barua ya chuo kikuu.

Na kutembezwa hakujawahi kumfanya mtu kipofu. Mwaka 1902, Katikkiro (waziri mkuu) wa Buganda, Apolo Kagwa, alialikwa Uingereza kwenye kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba. Alikwenda na katibu wake Ham Mukasa, na mmisionari Ernest Millar akawa mkalimani na mwongozaji wao. Walipelekwa huku, wakaonyeshwa kile, wakapelekwa kule. Mfalme akaugua, sherehe ikaahirishwa kutoka Juni hadi Agosti, nao wakaendelea kutembezwa. Ham Mukasa aliandika kila alichokiona, na kitabu chake kikatoka kwa Kiingereza mwaka 1904. Ukikisoma utaona kwamba huyu mtu aliyeongozwa mkono kila siku alikuwa na macho makali kuliko wengi waliomwongoza. Kwa hiyo tusiwacheke wenye mwavuli.

Tuanze na viza, kwa sababu safari ya Italia kwa Mganda huanzia Nakasero, kabla ya Entebbe. Ubalozi wa Italia uko Lourdel Road. Barabara hiyo ina jina la padre Mfaransa, Siméon Lourdel, ambaye wazee wetu walimwita Mapeera, aliyefika Buganda mwaka 1879. Wakatoliki wetu wanaopeleka karatasi huko wanapita juu ya jina la mtu aliyewafundisha babu zao katekisimu, na sidhani wengi wanalikumbuka asubuhi hiyo, maana akili iko kwenye bahasha. Ada ya viza ni euro 90 kwa mtu mzima, yaani zaidi ya shilingi laki tatu za kwetu, na ukinyimwa hazirudi. Kuna bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Kuna taarifa ya benki, barua ya mwajiri, mahali pa kulala kwa kila usiku, tiketi ya kwenda na kurudi. Kisha lile swali kubwa ambalo halijaandikwa popote kwa herufi kubwa lakini ndilo mzizi wa yote: utarudi? Ndiyo maana utawaona watu wazima wamebeba hati za ardhi, vyeti vya ndoa, hata picha za nyumba.

Kundi haliondoi sharti hata moja kati ya hayo. Kila mtu hutazamwa kivyake. Wakala akikuambia kwamba kwake viza ni hakika kwa sababu anawajua watu ndani, mwache hapo hapo. Kundi linachosaidia ni kupanga karatasi. Hoteli zimeshalipiwa kwa jina lako, ratiba inajulikana siku kwa siku, parokia imeandika barua kwamba inakufahamu, na yupo mtu aliyekwisha kupita njia hiyo anayekuambia karatasi hii irudishe benki wakaipige muhuri. Peleka mapema. Maombi hupokelewa hadi miezi sita kabla ya safari, na anayengoja wiki mbili za mwisho anajitafutia ugonjwa wa moyo.

Kutoka Entebbe ndege ya moja kwa moja hadi Roma hakuna. Utapitia Addis Ababa, au Istanbul, au Dubai, au Doha. Hapo ndipo, niliposafiri na kundi, nilipoanza kuliheshimu. Uwanja mkubwa usiku wa manane, milango inabadilika, matangazo yanasomwa kwa haraka, na kuna mama asiyejua Kiingereza cha kutosha, mguu umevimba kwa kukaa. Akiwa peke yake angelia. Akiwa na kundi, kuna binti wa parokia ya jirani aliyempa mkono tangu Entebbe na hamwachi. Hakuna aliyemlipa binti huyo, wala jina lake halimo kwenye ratiba.

Italia yenyewe imejengwa kwa namna inayombana msafiri asiyejipanga. Kuingia Kanisa la Mtakatifu Petro ni bure, lakini kuna foleni ya ukaguzi inayoweza kuizunguka nusu ya uwanja. Makumbusho ya Vatikano hutaka tiketi ya saa maalumu, na Jumapili yamefungwa, isipokuwa ile ya mwisho wa mwezi. Mkutano wa Papa na watu ni Jumatano. Tiketi zake ni bure. Ukiona kwenye hesabu ya wakala kuna fedha za "tiketi ya Papa", uliza ni za nini. Venice tangu mwaka 2024 imekataza makundi yanayozidi watu ishirini na watano, ikakataza na vipaza sauti, kwa hiyo basi la watu arobaini hugawanywa mara mbili na mwongozaji husemea kwenye kidude ambacho kila mtu anakisikia sikioni mwake. Wazee wetu walivipenda sana vidude hivyo. Mmoja aliniambia ni mara ya kwanza maishani mwake kusikia mahubiri marefu bila kukatizwa na mtoto anayelia.

Assisi iko mlimani. Basi huachwa pembeni ya mji na watu hupanda kwa miguu. Waandaaji wengi hawasemi habari hiyo Kampala, wanasema tu "tutatembelea Assisi". Mwenye magoti mabaya aulize mapema.

Na basi lenyewe. Sheria za Ulaya zinamtaka dereva apumzike dakika arobaini na tano baada ya saa nne na nusu za kuendesha, na kwa kawaida asizidi saa tisa kwa siku. Kuna kifaa ndani ya gari kinachoandika yote, hawezi kudanganya. Tulisimama kando ya barabara kuu, mahali pa mafuta na kahawa, jua linazama, hoteli iko mbele kidogo tu, na dereva amekaa kwenye kiti chake cha plastiki anatazama saa. Watu wetu walinung'unika. Mimi nilimtazama nikafikiria mabasi yetu ya usiku ya kwenda Gulu na Arua, na wale tunaowazika kila mwaka. Ningependa kanuni ile ije kwetu kabla ya kanuni nyingine yoyote ya Ulaya. Lakini hayo ni mazungumzo ya siku nyingine.

Chakula kilileta vituko. Waitaliano huleta pasta kwanza, kisha nyama au samaki baadaye. Watu wetu waliiona ile sahani ya pasta wakadhani ndiyo chakula chote, wakaila kwa bidii ya mtu aliyelipa, wakaomba iongezwe. Nyama ilipokuja hakukuwa na nafasi. Jioni ya pili kila mtu alikuwa amejifunza. Chai yenye maziwa ya kuchemshwa pamoja na majani hakuna. Kuna kahawa kidogo sana kwenye kikombe kidogo sana, ambayo ukiinywa umesimama kaunta ni bei moja, na ukiinywa umekaa mezani inaweza kuwa bei nyingine. Kwenye risiti ya mkahawa utaona pia fedha za kukalia meza na mkate. Huo si wizi, ni desturi yao, na imeandikwa kwenye menyu. Wizi wa kweli uko kwenye basi namba 64 la kutoka stesheni ya Termini kwenda Vatikano, ambalo wezi wa mifukoni wamelifanya shamba lao miaka mingi. Aliyezoea teksi za Old Park ya Kampala atajua la kufanya: mkoba mbele, simu ndani.

Asubuhi ya Jumatano, siku ya mkutano wa Papa, kina mama walivaa gomesi, wanaume kanzu na koti. Uwanja wa Mtakatifu Petro una watu wa mataifa yote, lakini gomesi ya hariri yenye mabega yale haifichiki. Wapolandi waliomba picha, Wabrazili waliomba picha. Kwa muda mfupi sisi watalii ndio tuliotazamwa, na kina mama walisimama kama wenye mji.

Sasa nije kwenye jambo lililonileta hapa.

Mwongozaji wetu wa Roma alikuwa mwanamke hodari. Alijua mwaka wa kila jiwe. Alitueleza habari za Kaisari Nero, akatueleza Michelangelo na lile kuba, akaeleza kwa nini safu za nguzo za uwanja zimepinda. Tukaingia ndani ya kanisa, tukasimama katikati, akaendelea na marumaru na dhahabu. Tukatoka. Hakuna aliyesema kwamba ndani ya kanisa lile, tarehe 18 Oktoba 1964, Papa Paulo wa Sita aliwatangaza kuwa watakatifu mashahidi Waganda ishirini na wawili: Karoli Lwanga, Mathias Mulumba Kalemba, Andrea Kaggwa, Yosefu Mukasa Balikuddembe, na Kizito aliyekuwa bado kijana mdogo, na wenzao. Maaskofu wa dunia nzima walikuwa Roma kwa Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Ilikuwa Jumapili ya Misioni. Katika mahubiri yake Papa aliwataja pia Waanglikana waliokufa kwa ajili ya Kristo katika mateso yale yale ya Kabaka Mwanga, jambo ambalo wakati huo halikuwa dogo. Joseph Kyagambiddwa, mtunzi wetu, alikuwa ametunga kwa ajili ya tukio hilo kazi kubwa ya muziki, Uganda Martyrs African Oratorio, yenye mahadhi ya Buganda. Na watakatifu hao walitangazwa chini ya kuba lile lile tulilokuwa tunalitazama tukiwa tumeinua shingo.

Simlaumu yule mama. Alisema alichoagizwa. Kila siku anapokea basi la Wakorea, basi la Wamarekani, basi la Wahispania, na maelezo yake yamekatwa ili yawatoshe wote. Ratiba tuliyokuwa nayo mkononi iliandikwa kwa ajili yao, naye wakala wetu aliinunua jinsi ilivyo, akabadilisha jina la uwanja wa ndege tu.

Aliyetuokoa ni katekista mmoja mzee, aliyekaa viti vya nyuma. Basi lilipokwama kwenye msongamano kando ya mto Tiber, alianza kusimulia. Mwaka 1964 alikuwa mtoto wa shule ya msingi. Alisema jinsi ngoma za parokia zilivyopigwa, jinsi baba yake alivyochinja mbuzi ambaye alikuwa hachinjwi, jinsi mwalimu alivyowafundisha majina ishirini na mawili kwa kuyaimba. Akayataja, bila kukosea. Watu wakasogea nyuma, waliokosa nafasi wakasimama. Kiongozi wa msafara akampelekea kipaza sauti cha basi. Kwa maoni yangu ndiye mwongozaji bora tuliyempata Italia nzima, na hakuwa amelipwa, bali yeye mwenyewe alilipa nauli.

Nilianza kujiuliza: je, Italia ya Mganda iko wapi kwenye ratiba hizi? Maana ipo. Haihitaji kubuniwa.

Ndani ya Kanisa hilo hilo la Mtakatifu Petro, tarehe 29 Oktoba 1939, vita vya pili vya dunia vikiwa vimeanza majuma machache tu, Papa Pius wa Kumi na Mbili alimweka wakfu Joseph Kiwanuka kuwa askofu, akiwa Vikari wa Kitume wa Masaka. Nyakati hizo Mwafrika mweusi kuwa askofu wa Kanisa la Kilatini lilikuwa jambo ambalo watu walikuwa hawajaliona kwa karne nyingi. Kiwanuka alikuwa amekwisha kusoma sheria za Kanisa Roma na kupata udaktari. Miaka ishirini na mitano baadaye alikuwa Askofu Mkuu wa Rubaga siku wale mashahidi walipotangazwa. Katika basi letu walikuwamo watu wa Masaka. Walipita karibu na madhabahu ya kanisa hilo wakiulizana choo kiko wapi, kwa sababu hakuna aliyewaambia habari za Kiwanuka.

Rudi nyuma zaidi. Septemba 1864, miaka mia moja kabla ya mashahidi wetu kutangazwa watakatifu, padre mmoja wa Italia aliyekuwa akisali katika kanisa hilo alipata wazo la mpango wake wa kuikomboa Afrika kwa mikono ya Waafrika wenyewe. Jina lake Daniele Comboni, mzaliwa wa Limone, kijiji cha kando ya Ziwa Garda. Mwaka 1867 alianzisha Verona taasisi yake ya wamisionari. Alifia Khartoum mwaka 1881, bila kufika kwetu. Watoto wake wa kiroho ndio waliofuata mto Nile wakaingia kaskazini mwa Uganda mwaka 1910, na mwaka uliofuata wakawa Gulu. Shule ngapi za Acholi, Lango na West Nile zilianza nao? Hospitali ya Lacor ilianza mwaka 1959 mikononi mwa Wacomboni, kisha mwaka 1961 akaja daktari Piero Corti kutoka upande wa Milano, pamoja na Lucille Teasdale, mpasuaji wa Kanada, wakaishi humo hadi uzee.

Sasa tazama ratiba. Verona imo! Makundi husimama Verona. Yanasimama kwenye ua mmoja mwembamba kutazama kibaraza kinachosemwa kuwa cha Juliet, msichana wa mchezo wa Shakespeare, ambaye hakuwahi kuishi. Watu wanapiga picha, wananunua sumaku za friji, wanarudi kwenye basi. Comboni, mtu wa nyama na damu, ambaye bila yeye huenda mama wa Gulu aliyeko ndani ya basi hilo asingejua kusoma, alianzia kazi yake katika mji huo huo, na basi linaondoka bila jina lake kutajwa. Mimi hili siwezi kulielewa, hata nikielezwa habari za soko.

Wenzetu Waitaliano walipokuja kwetu hawakufanya hivyo. Mwaka 1906 alifika Entebbe mwana wa ukoo wa kifalme wa Italia, Luigi wa Savoia, Duke wa Abruzzi. Naye alikuja kwa kundi: mpiga picha Vittorio Sella, mwanajiolojia, daktari, waongozaji wa milimani kutoka Courmayeur, na mamia ya wapagazi wa hapa waliobeba mizigo hadi Fort Portal na kuendelea. Naam, hata mwana wa mfalme alipanda na waongozaji, hakuna aliyemwita kuku. Tarehe 18 Juni alisimama juu ya kilele kirefu kuliko vyote vya Rwenzori, mita 5,109, akakiita Margherita, jina la mama malkia wa Italia. Vingine akaviita Umberto, Elena, Vittorio Emanuele. Wakonzo walioishi na mlima huo tangu zamani walikuwa na majina yao, hakuna aliyeyaandika kwenye ramani ile. Hadi leo mtoto wa shule Kasese akiulizwa mtihanini sehemu ya juu kabisa ya Uganda, anaandika jina la malkia wa Kiitaliano, na anapewa alama.

Waitaliano walikuja na ratiba yao, wakaacha majina yao. Sisi tunakwenda kwao na ratiba ya watu wengine, na majina yetu yaliyoko huko tayari hatuyatafuti. Picha za Sella za Rwenzori, zenye barafu ambayo wajukuu zetu hawataiona tena kwa ukubwa ule, zimehifadhiwa Italia. Torino kuna Makumbusho ya Taifa ya Mlima yenye jina la huyo huyo Duke wa Abruzzi. Sijaona kundi la Kampala likipelekwa huko, ingawa nakiri Torino iko pembeni na nauli ni nauli.

Lakini kuna mahali ambapo hapako pembeni. Kusini mwa Roma, katika mtaa wa Poggio Ameno, si mbali na Basilika la Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta ambalo kila basi la mahujaji hulitembelea, kuna kanisa la parokia liitwalo Santi Martiri dell'Uganda. Mashahidi Watakatifu wa Uganda. Ni kanisa la siku zetu, halina michoro ya Michelangelo. Waitaliano wa kawaida hubatiza watoto humo, huoana humo, na huzikwa kwa misa ya humo, chini ya jina la vijana wa ikulu ya Mwanga. Papa Yohane Paulo wa Pili alipomfanya Christian Tumi wa Kameruni kuwa kadinali mwaka 1988, kanisa alilompa Roma lilikuwa hilo. Tuliuliza kama tungeweza kufika. Kiongozi wa msafara akatazama ratiba, akasema alasiri ile ni ya maduka.

Alasiri ile ikawa ya maduka.

Najua wakala atanijibu. Atasema watu wanataka Venice, watu wanataka picha ya Mnara wa Pisa wakiushikilia kwa kiganja. Kweli wanataka, nami sisemi waondolewe. Atasema kubadilisha ratiba kunaongeza gharama. Hapo namkatalia. Poggio Ameno hakuongezi usiku wa hoteli wala lita nyingi za mafuta. Kunataka barua moja kwa paroko, kwa Kiitaliano, wiki kadhaa mapema. Kampala hii imejaa mapadre na masista waliosoma Roma na wanaoandika Kiitaliano vizuri kuliko wanavyoandika Kiswahili. Mwongozaji wa Vatikano naye akipewa ukurasa mmoja wa tarehe zetu kabla ya siku ya kazi atausoma, maana ni kazi yake, na atafurahi kupata habari mpya ya kuwaambia watu.

Kwa upande wetu, tunaolipa, kuna maswali ya kuuliza wakati fedha bado ziko mfukoni. Uliza usiku ngapi mtalala mji mmoja kabla ya kufunga mizigo tena. Ratiba inayobadilisha hoteli kila usiku inaonyesha miji mingi kwenye tangazo, lakini utakachokumbuka ni lifti na masanduku. Uliza nani atakuwa nanyi tangu Entebbe hadi kurudi, na kama amewahi kwenda. Uliza mgonjwa akibaki hospitalini nani atabaki naye. Uliza kodi ya kulala ambayo miji ya Italia humtoza mgeni kwa kila usiku, kama imo kwenye bei au utadaiwa kaunta. Ukipata majibu ya haraka yasiyo na maelezo, tafuta kundi jingine, yako mengi.

Na ninyi waandaaji mnaonisikiliza, wa parokia na wa ofisi za safari, hapa Kampala, Masaka na Gulu: siku ile ya Basilika la Mtakatifu Paulo, ongezeni saa mbili za Poggio Ameno. Mwandikieni paroko, ombeni misa, chukueni ngoma moja na katekista mmoja anayeyajua majina ishirini na mawili kwa moyo. Nawe msikilizaji, usilipe awamu ya kwanza kabla hujaonyeshwa siku hiyo imeandikwa kwenye ratiba.